Kinyozi Aliyejinyoa

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na wengine huongeza kwamba akijinyoa hujikata. Ni methali tunayomtupia mtu yeyote ambaye kazi yake ni kuwafaa wenzake: mganga, mwalimu, mpishi wa shughuli, na zaidi ya wote mshenga. Mshenga anapeleka barua ya watu, anarudisha majibu ya watu, anakula biriani ya watu, kisha anarudi kwake kulala. Hakuna anayemuuliza kwake kukoje.

Ndiyo maana nikiitazama The Matchmaker, filamu ya Hollywood ya mwaka 1958, najikuta nacheka halafu nanyamaza ghafla. Mwanamke mtu mzima, mjane, anakaa mbele yetu kwa zaidi ya saa moja na nusu akijinyoa mwenyewe hadharani, na wala hajikati. Watu wa nyumbani kwetu wakiona jambo kama hilo hucheka kwanza, kisha huuliza: na watoto wamekubali? Hilo swali la pili ndilo lililonifanya nikae niandike.

Kwanza kisa, kwa wasiokijua. Tupo miaka ya 1880, katika mji wa Yonkers, kaskazini kidogo ya jiji la New York. Horace Vandergelder ni mfanyabiashara wa nafaka na malisho ya mifugo, mjane, tajiri, na bahili wa kutupwa. Ameamua kuoa tena. Kazi ya kumtafutia mke amempa Dolly Gallagher Levi, mama mmoja wa New York anayeishi kwa kuunganisha watu. Horace ana mtu moyoni tayari, Irene Molloy, fundi kofia wa mjini, kijana na mjane vilevile. Dolly naye ana mtu moyoni, ila hasemi. Mtu mwenyewe ni Horace.

Sasa siku Horace anayofunga safari kwenda mjini kuposa, makarani wake wawili, Cornelius na Barnaby, wanafunga duka bila ruhusa na kumfuata nyuma bila yeye kujua. Hawa vijana hawajawahi kuona kitu maishani. Wameapa hawarudi Yonkers mpaka kila mmoja ambusu msichana. Wanaishia wapi? Kwenye duka la kofia la Irene Molloy, bosi wao akiwa mlangoni. Mmoja anajificha kabatini, mwingine chini ya meza. Usiku wote wanakutana tena katika hoteli moja ya kifahari, Harmonia Gardens, ambako mkoba wa pesa wa Horace unapotea na kuangukia mikononi mwa karani wake mwenyewe, ambaye alikuwa anatetemeka atalipaje chakula alichoagiza. Kwa hiyo bahili analisha watu bila kujua. Mpaka kuche, kila mtu ana mwenzake.

Mwongozaji ni Joseph Anthony. Dolly anachezwa na Shirley Booth, Horace na Paul Ford, Irene na Shirley MacLaine, na Cornelius na Anthony Perkins. Ndiyo, Perkins yuleyule ambaye miaka miwili baadaye angetutia hofu ya kuoga katika Psycho. Hapa ni kijana mwembamba mwenye haya, anayekaribia kuzimia kila akiguswa mkono na mwanamke. Barnaby ni Robert Morse. Picha ni nyeusi na nyeupe, na wahusika wana tabia ya kusimamisha mchezo, wakageuka kwenye kamera, wakazungumza na sisi. Mara ya kwanza inashtua. Ukizoea unaona ni kama mtu wa barazani anayekukonyeza katikati ya maneno yake: "Unamsikia huyu?"

Kinachonivutia zaidi mie, kama msomaji wa vitabu kuliko mtazamaji wa sinema, ni nasaba ya kisa hiki. Filamu imetokana na tamthiliya ya Thornton Wilder, Mmarekani aliyeandika pia Our Town. Lakini Wilder hakukianzisha. Mwaka 1835 Mwingereza John Oxenford aliandika mchezo mfupi wa kuchekesha, A Day Well Spent, yaani siku iliyotumika vyema. Mwaka 1842, kule Vienna, Johann Nestroy akauchukua, akaurefusha na kuupa jina Einen Jux will er sich machen, kwa Kiswahili changu: anataka kujipa raha kidogo. Karne moja baadaye Wilder akautoa Vienna, akaupeleka Yonkers.

Katika mchezo wa Nestroy, shujaa ni karani anayetoroka duka. Dolly hayumo. Hayumo kabisa! Ukienda kwa Oxenford, hayumo vilevile. Mshenga huyu aliingizwa na Wilder, na sehemu ya kucha na meno yake Wilder aliiazima kwa Molière, katika L'Avare ya mwaka 1668. Mle yumo Frosine, mwanamke wa mji anayeishi kwa kuunganisha watu, anayejaribu kumshawishi bahili Harpagon amuoe binti maskini aitwaye Mariane. Harpagon anauliza: ana mali gani huyo binti? Frosine anampigia hesabu. Binti hali sana, basi hapo umeokoa pesa. Hapendi nguo za fahari, umeokoa tena. Hachezi kamari, hapo ndiyo usiseme. Ukijumlisha, kwa mwaka amekuletea faranga 12,000. Harpagon anajibu kwamba mahari ya matumizi yasiyotumika haishikiki mkononi. Nimesoma onyesho hilo mara nyingi, na kila mara nawaona wazee wa upande wa mwanaume wakikokotoa mkaja na kilemba kwa kikokotoo cha simu.

Halafu angalia majina ya michezo yenyewe. Wilder alipotoa toleo la kwanza mwaka 1938, likiongozwa na Max Reinhardt, aliliita The Merchant of Yonkers. Mfanyabiashara ndiye mwenye kichwa cha habari. Likaanguka, lilionyeshwa mara 39 tu Broadway likafungwa. Akalifanyia marekebisho, na mwaka 1954 likatoka Edinburgh, mwongozaji akiwa Tyrone Guthrie na Dolly akiwa Ruth Gordon. Jina likawa The Matchmaker, yaani mshenga. Mwaka uliofuata likafika Broadway na safari hii likanoga: maonyesho 486. Mwaka 1964 likageuzwa mchezo wa nyimbo, na jina likawa Hello, Dolly!. Kwa hiyo ndani ya miaka 26 kisa kimehama kutoka kwa mwenye duka, kwenda kwenye kazi ya mshenga, mpaka kwenye jina la mshenga mwenyewe. Aliyekaribishwa mlango wa nyuma amekalia kiti cha sebuleni.

Sisi mshenga tunamjua kwa sura nyingine kidogo. Mshenga wetu hajitumi. Anatumwa na upande wa mwanaume, mara nyingi ni mzee mwenye ulimi mtamu na subira ya kukaa mkekani. Anapeleka barua ya posa na kishika uchumba ndani ya bahasha, anasikiliza masharti, anapunguza ukali wa maneno ya huku kabla hajayafikisha kule. Nyuma yake wapo akina mama wanaofanya kazi yenyewe ya kuchungua: nyumba ile ikoje, mama mtu ana hasira, binti anasalimia watu? Kwetu kazi hii ni ya ukoo. Dolly hana ukoo. Ametumwa na tumbo lake. Ni mwanamke mmoja katika jiji kubwa, mume hayupo, mapato hayana uhakika, anabisha hodi kwa watu. Hilo linampa uhuru ambao mshenga wetu hana, na upweke pia ambao mshenga wetu haujui.

Yupo mshenga mwingine maarufu katika fasihi ya Kiingereza, Emma wa Jane Austen, msichana tajiri anayewachagulia watu wachumba kwa kukosa kazi ya kufanya. Emma hajui moyo wake mwenyewe, na kichekesho chote kinatoka hapo. Dolly ni kinyume. Anaujua moyo wake barabara, anaijua na hesabu ya kibubu chake. Anachotafuta ni njia ya kufika bila ya mtu kuona ametembea. Katika tamthiliya, Horace anapozidi kung'ang'ania kuoa, Dolly anamzulia msichana ambaye hayupo duniani, mzuri, mpishi hodari, anayependa wanaume watu wazima, ili tu Horace asiwahi kwa mwingine. Mshenga anauza hewa! Na mteja ananunua, kwa kuwa sifa alizotajiwa ni zilezile alizokuwa akizitamani.

Hapa naomba nitoke kidogo kwenye sinema.

Ninaye shangazi, dada yake baba, pale Tanga. Mitaa minne mitano inayomzunguka, ndoa nyingi zimepita mikononi mwake. Si yeye anayepeleka barua. Barua hupelekwa na wanaume. Yeye ndiye anayejua barua ipelekwe wapi. Mama akimwambia "nina kijana wangu", shangazi hajibu siku hiyo. Anajibu baada ya wiki mbili, akiwa kwenye hitima au shughuli ya mtu mwingine, kwa sentensi moja: "Nyumba ile wasichana wamelelewa vizuri, ila mkubwa hapendi kuamriwa. Mwanao anaweza kuishi na mtu asiyeamriwa?" Basi. Mengine utamaliza mwenyewe.

Mumewe alifariki. Akakaa eda, akatoka, akaendelea kuozesha watu. Miaka tisa. Wanawe wanne wakamtunza kweli, sisemi uongo: chumba kimepakwa rangi, televisheni kubwa, dawa za presha hazikatiki, wajukuu wanapishana mlangoni. Halafu akatokea mwalimu mmoja mstaafu, mjane, akaja kumwomba amtafutie mke. Shangazi akampa jina. Mwalimu akasema huyo hapana. Akampa jingine. Hapana. Likawa kama mchezo, miezi mitatu, mpaka siku moja mwalimu akasema majina yote ameyasikia isipokuwa moja.

Nilimuuliza shangazi kama yale majina aliyompa alikuwa akijua tangu mwanzo kwamba yatakataliwa. Alicheka mpaka akajifuta macho na upindo wa kanga. Hakunijibu.

Wanawe waliposikia, nyumba ikageuka. Mkubwa alisema mama ana kila kitu, amekosa nini? Wa pili akasema wanaume wa umri ule wanatafuta muuguzi wa bure. Wa tatu hakusema, lakini ilikuwepo hoja ya nyumba: watu watasemaje, mwanaume mwingine alale chumba cha marehemu? Baba yangu, ambaye ndiye kaka mtu na ndiye angekuwa walii, akawa anaahirisha. Hakukataa, alisema tu tusubiri watoto wapoe. Watoto hawakupoa.

Nilikuwa nimekwenda likizo. Shangazi akaniita jikoni, akaniambia: "We baba, unakwenda kwa kaka zako, na unakwenda kwa kaka yangu. Maneno unayajua." Nikamwambia sawa, nitakwenda kuwaomba. Akaacha kukuna nazi. "Kuomba nini? Ruhusa naomba kwa Mungu, na uwalii namwomba kaka yangu. Watoto sikutumi ukawaombe. Nakutuma ukawape taarifa."

Wiki ileile nilimtazamisha The Matchmaker kwenye kompyuta yangu, nikimtafsiria. Maoni yake yalikuwa ya mtu wa fani. Cornelius na Barnaby hawakumshughulisha: "Watoto hao wana njaa tu, wakishiba watatulia." Alimwangalia Horace kwa makini, kama anavyowaangalia wachumba wa watu. "Bahili si kitu," akasema. "Bahili anajua hesabu, unaweza kumfundisha upande wa pili wa hesabu. Mtapanyaji humfundishi kitu." Na alipoona jinsi Dolly anavyozunguka: "Huyu mama anajiposea kwa mlango wa uani. Sawa. Ule wa mbele wamekaa watu."

Filamu ilipokwisha nilimsimulia hotuba moja ya Dolly iliyomo katika tamthiliya ya Wilder. Dolly anazungumza na marehemu mumewe, Ephraim Levi. Anaeleza jinsi alivyoishi baada ya kifo chake: kila jioni anamtoa paka nje, anafunga mlango, anajitengenezea kinywaji cha moto, na kabla ya kulala anamshukuru Mungu kwamba hakuna mtu anayeingilia maisha yake. Anaona ndiyo amani. Mpaka jioni moja linadondoka jani la mwaloni kutoka ndani ya Biblia yake, jani alilolihifadhi tangu siku Ephraim alipomposa. Bado ni jani zima, lakini halina rangi wala uhai. Hapo ndipo anapogundua kwamba kwa muda mrefu hajatoa chozi, wala hajawa na tumaini kwamba lolote litatokea. Usiku ule anaamua kurudi kuishi na watu.

Shangazi alinyamaza. Kisha akasema, "Kwangu ilikuwa redio." Redio ya mumewe, ile ya kusikilizia taarifa ya habari saa mbili usiku. Aliiweka juu ya kabati ikiwa na kitambaa chake cha kufumwa, akaifuta vumbi kila Ijumaa, miaka yote. Siku moja mjukuu akaiomba. Akafungua kule nyuma akakuta betri zimevuja, waya zimeliwa na kutu. "Naifuta vumbi juu, ndani imekufa zamani," akasema. "Mwalimu hajaja bado wakati huo, usije ukafikiri ni yeye. Mwalimu alikuta nimeshafungua redio."

Basi nikaenda kwa kaka zangu. Sikuwa na ufasaha wowote. Niliwaambia mnamtunza mama, kila mtu anaona, ila mnamtunza kama sahani za kabatini, zile za wageni: hazivunjiki, hazichafuki, na hakuna anayezilia. Na kwamba sikuja na ombi. Nimekuja na tarehe.

Ndoa ilifungwa baada ya Alasiri, watu hawakufika thelathini. Baba alisimama akawa walii. Wana watatu walikuja. Mkubwa hakuja, na mpaka leo anampigia mama yake simu za dawa na fedha tu. Ndivyo ilivyo. Ushenga huwa hauunganishi watu wote.

Nilipoirudia filamu baadaye, nikaona kitu ambacho sidhani ningekiona kabla. Nimesema Hello, Dolly! ilitokana na The Matchmaker, na yenyewe ikawa filamu mwaka 1969, ikiongozwa na Gene Kelly, Barbra Streisand akiwa Dolly na Walter Matthau akiwa Horace. Ni filamu ya gharama, rangi tele, magwaride, na Louis Armstrong anatokea kuimba ule wimbo ambao hata asiyeona sinema yoyote anaujua. Mimi sina ugomvi na raha. Lakini kuna mambo mawili yamebadilika njiani, na yote mawili yananikera.

La kwanza ni umri. Shirley Booth alikuwa anakaribia miaka 60 alipomcheza Dolly. Uso wake una mikunjo, mwili wake umezoea kubeba vikapu, na akimtazama Horace unaona mtu anayehesabu miaka iliyobaki na kuamua kutoigawa kwa paka. Streisand alikuwa na miaka 26 hivi wakati wa kupiga picha. Sauti yake ni neema ya Mungu, hilo halina mjadala. Ila mjane wa miaka 26 akitaka kuolewa tena, nani atashangaa? Mama zetu wenyewe wangemwambia, "bado kijana, usikae." Mjane wa miaka 60 akitaka, hapo ndipo kikao kinaitwa. Filamu ya 1969 imeliondoa swali kabla halijaulizwa.

La pili ni dogo, lakini kwangu ndilo kubwa. Katika mchezo wa nyimbo, Dolly anamwomba Ephraim amwachie aende, na anamwomba dalili ya kukubali kwake. Anaisubiri mpaka mwisho, mpaka Horace anapotamka bila kujua maneno ya Ephraim mwenyewe kuhusu pesa, kwamba pesa ni kama mbolea, kazi yake ni kumwagwa ili vichanga viote. Dalili imepatikana, ruhusa imetoka, watu wanalia kwa furaha. Ni onyesho zuri sana. Lakini katika tamthiliya ya Wilder, Dolly haombi. Anamweleza Ephraim kwamba anaolewa tena, anamtaja na mtu mwenyewe, na anasema wazi kwamba anamtaka kwa sababu ya pesa zake, ili azitoe zizunguke na kufanya yale Ephraim aliyomfundisha. Anazungumza naye kwa mapenzi, kama mke na mume wanavyozungumza kabla ya kulala. Lakini anachompa ni taarifa.

Kati ya kuomba ruhusa na kutoa taarifa kuna pengo la maisha mazima. Anayeomba ruhusa anakiri kwamba maisha yake yapo kwenye droo ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo amekwisha zikwa. Anayetoa taarifa anawapenda watu wake kiasi cha kutowaficha, basi. Wilder alimzawadia Dolly hilo, na nadhani ndiyo sababu mhusika aliyechelewa zaidi ya miaka mia moja kuingia katika kisa hiki alikimeza chote.

Sitaki kuifanya filamu hii kuwa kubwa kuliko ilivyo. Ina sehemu zimechakaa. Zile mbio za kujificha makabatini zinarefushwa kuliko zinavyochekesha. Horace anaeleza mbele yetu falsafa yake ya ndoa, ambayo kwa ufupi ni kumfanya mfanyakazi wa nyumbani ajione mwenye nyumba, na filamu inamcheka bila kumbana sana. Mtu anaweza kuuliza, na ni haki yake kuuliza: Dolly amepata nini hasa? Bahili mwenye sauti ya juu. Kaka yangu wa pili alipozungumzia muuguzi wa bure, hakuwa anaota. Wanaume wa namna hiyo wapo wengi.

Jibu la filamu ni kwamba Dolly haingii akiwa amefumba macho. Amekwisha mpima Horace kwa mizani ileile anayowapimia wateja. Anajua ubahili wake una mizizi gani, anajua pesa zake zimelala wapi, na ana mpango nazo. Angalia jinsi Booth anavyomshughulikia pale mezani hotelini. Anamkatalia jambo ambalo Horace hajamwomba, anamlaza kwa maneno, anamwekea chakula kwenye sahani, na kila anachokanusha kinakuwa mbegu. Huyo si mwanamke anayetafuta kivuli cha mwanaume. Ni fundi yuko kazini, na safari hii kazi ni yake mwenyewe.

Kama unataka kuanza, anza na ile ya 1958, halafu tafuta tamthiliya ya Wilder usome hotuba ya jani la mwaloni polepole. Onyesho la Frosine na Harpagon kwa Molière lisome siku unayosubiri kikao cha mahari. Hello, Dolly! iache ya mwisho. Wimbo wake utausikia tu, hata bila kuutafuta.